Dobi na Farasi Aliyeogopa Mashuka

Kwa muda mrefu, nyumbani kwa dobi, neno farasi halikutajwa. Si kwamba lilikatazwa. Hakuna aliyesimama mezani akatoa amri. Lilijiondokea lenyewe, kama mgeni aliyeona anatazamwa vibaya. Binti yao alipopiga simu kutoka mji anakofanya kazi, aliuliza habari za bega la mama, za duka, za baba na makufuli yake, kisha pakawa na kimya kifupi mahali ambapo zamani angeuliza, "Na Hakimu je?" Kimya hicho dobi alikisikia vizuri. Alikijaza kwa kuuliza kama huko mvua imenyesha.

Hakimu alikuwa farasi wake. Alimpa jina hilo kwa sababu ya uso wake mrefu wenye mstari mweupe kutoka kipajini hadi puani, na kwa sababu ya namna alivyomtazama mtu kutoka juu, polepole, kana kwamba kesi yake ameshaisoma na haoni haja ya mashahidi. Dobi alikulia miguuni mwa farasi. Baba yake alikuwa fundi wa kwato, na yeye, akiwa mtoto wa kike mwepesi kama kapu tupu, ndiye aliyepandishwa mgongoni ili mnyama atulie chuma kikipigiliwa. Kisha akakua, akaolewa, akazaa, akafungua duka la kufulia, na miaka ikampitia juu kama pasi, ikinyoosha hapa na kuunguza pale. Alipomwona Hakimu kwa mara ya kwanza alikuwa mama mtu mzima mwenye mvi zake, na Hakimu alikuwa akivuta mkokoteni wa mchanga, mbavu zimemtoka. Alisimama kando ya barabara hadi mkokoteni ukapotea. Hakusema neno kwa mtu mpaka alipompata farasi yule.

Mumewe, fundi kufuli, mtu wa maneno machache, alipopelekwa kumwona alibaki nje ya uzio.

"Kwa hiyo," akasema, "nimepata mume mwenzangu."

Na ilikuwa kweli kwa kiasi chake. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha pasi ya kwanza, dobi alikwenda kwenye mabanda yaliyo nyuma ya tanuru la zamani la matofali, akamsugua Hakimu, akamfunga tandiko, akazunguka naye uwanja, akarudi dukani akinuka jasho la watu wawili. Wateja walimzoea. Walisema ukitaka shati lako lipigwe pasi vizuri, mpelekee siku ambayo farasi amekwenda vizuri.

Hadi siku ile ya upepo. Walikuwa wanarudi, wanapita nyuma ya nyumba ya mwenye mabanda, upepo ukanyanyua shuka kwenye kamba. Shuka jeupe, limetiwa wanga, likapiga hewa kama kofi. Hakimu aliruka upande. Dobi akabaki pale farasi alipokuwa, ila farasi hakuwepo tena. Aliangukia bega la kushoto, juu ya vipande vya matofali. Wakati wamelala chini, yeye na maumivu yake, alilitazama shuka lile linavyopepea na akalitambua. Alikuwa amelifua mwenyewe. Wanga ule ulipimwa kwa mkono wake.

Dobi bila bega ni fundi bila nyundo. Ilibidi amwite wifi yake, dada wa fundi, aje kushika pasi. Naye akamwambia mumewe maneno aliyokwisha kuyapanga kitandani: "Utapeleka matunzo yake kwa mwenye mabanda kila mwezi. Ale, alale pakavu. Lakini usiniletee habari zake. Sitaki kujua amekula nini, sitaki kujua amekohoa."

"Na akifa?"

"Hizo ndizo habari zenyewe nisizozitaka."

Bega lilipona kwa namna yake. Wifi hakuondoka. Farasi akazama katika kimya.

Sasa, dobi ni mtu wa kushuku, na asilaumiwe. Watu husema kikulacho ki nguoni mwako, na yeye methali hiyo aliisikia kama maelezo ya kazi yake. Kila siku watu walimletea nguo zao na hawakujua wamemletea nini. Aliijua ndoa iliyokufa kwa jinsi mashuka yalivyokuja yakiwa yamekunjika upande mmoja tu. Alimjua karani aliyelia kwenye mkono wa koti lake. Alijua nani anakula kwa siri, nani ameacha kuoga kwa sababu ya huzuni. Hakumwambia mtu. Lakini macho yakishazoea kusoma madoa hayaachi kusoma ukifika nyumbani, na kwa miaka mingi nguo za mumewe zilikuwa kitabu chepesi kuliko vyote: grisi, vumbi la chuma, chai.

Ndiyo maana asubuhi aliyoikuta suruali ya fundi uani, kwenye kamba, ikidondosha maji, alisimama akaitazama kama mtu aliyekuta nyayo ndani ya nyumba iliyofungwa. Yeye hakuianika. Wifi hakuianika. Mume wa dobi kufua suruali yake mwenyewe ni sawa na mtoto wa mwokaji kununua mkate kwa jirani: kuna jambo.

"Hii imefikaje hapa?" alimwuliza mumewe akinywa chai.

"Nimeifua."

"Wewe."

"Ilikuwa na grisi. Sikutaka kukusumbua, na bega lako."

Dobi aliporudi uani aliinusa suruali ile magotini, mapajani, kwenye pindo. Sabuni. Sabuni nyingi, sabuni juu ya sabuni, na haikusuuzwa vizuri, imeacha michirizi myeupe. Lakini grisi huanza kwa mafuta ya taa, na hilo fundi analijua kama anavyojua jina lake. Mafuta ya taa hayakuwepo hata kwa mbali. Mtu anayetumia sabuni nyingi kuliko uchafu haondoi doa, anaondoa harufu. Na mwanamume ana harufu gani ya kumficha mke wake?

Suruali nyingine ikafuata, kisha shati. Halafu, siku alipofungua kabati la chumbani kutafuta blanketi, akakuta mashuka meupe ya zamani, yale waliyoanzia maisha, yamepungua. Moja halipo. Alitoa yote, akayakunjua juu ya kitanda, akayakunja tena.

"Hujaliona shuka letu moja jeupe?"

"Shuka?" Fundi alikuwa anasafisha funguo kwa brashi ndogo. Hakuinua kichwa. "Labda mtoto alilichukua alipokuja."

Dobi akapiga simu. "Mama," binti akacheka, "mimi nichukue shuka lenu kuukuu la nini? Huku yanauzwa mashuka." Kisha kikafuata kile kimya kifupi. Safari hii dobi alikisikia tofauti. Alijiuliza kama na huyu naye anajua kitu.

Alijaribu kukaa nalo moyoni, lakini moyo una mlango wake, na mwisho alimwambia wifi wakiwa dukani, mmoja anakunja, mwingine anapiga pasi.

Wifi aliweka pasi kwenye kisahani chake. "Wifi yangu, nikwambie kitu. Mwanamume akitoka na mkoba wa zana, anakwenda kazini. Akitoka na shuka, anakwenda kupumzika."

"Ni kaka yako huyo unayemsema."

"Ndiyo maana nasema. Nilimjua kabla yako. Alipokuwa mdogo akiiba sukari alikuwa ananawa mikono mpaka kwenye viwiko. Mama anamwuliza, leo usafi umetoka wapi?" Akacheka, akarudi kwenye kola ya shati.

Amecheka upesi mno, dobi aliwaza. Mtu anayejua siri hucheka kabla mzaha haujaisha. Siku nzima alimtazama wifi yake kwa pembeni ya jicho: namna alivyochungulia simu, namna alivyosema "kaka" kwa sauti laini kidogo kuliko kawaida. Hata mvuke wa pasi ulionekana kumficha kwa makusudi.

Kisha ukaja unywele.

Aliukuta kwenye tundu la karo la uani, mahali fundi alipofulia. Mrefu, mwekundu unaoelekea kahawia, umejizungusha kwenye chujio. Aliunasua taratibu, akausuuza, akaupeleka dirishani. Wifi alikuja nyuma yake akachungulia.

"Haya. Dada wa watu anapaka rangi."

Dobi aliuviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada. Ulikuwa mgumu. Aliuvuta kwa nguvu, ukahimili. Hakuna mwanamke duniani mwenye unywele wa namna ile. Ule ulikuwa usinga wa mkia, na mkia wenyewe aliujua kuliko alivyojua nywele za binti yake, kwa sababu aliuchana asubuhi nyingi zaidi. Jina lilimfika mdomoni. Akalimeza.

"Umetoka kwenye brashi," akamwambia wifi.

"Brashi gani ina nywele nyekundu?"

"Kapige pasi."

Nafuu aliyoipata ilikuwa fupi kama chafya. Baada yake ilikuja shaka nyingine, nzito kuliko ya kwanza. Mwanamke mwingine angekuwa jambo la kueleweka. Watu wamekuwa nalo tangu dunia iumbwe. Lakini huyu ni mtu aliyeogopa farasi hata akibaki nje ya uzio. Mtu aliyemwita mnyama wa mkewe mume mwenzangu na hakuwahi kumgusa pua. Anakwenda kwake kwa siri, anarudi, anafua harufu yake. Kwa nini? Alizunguka swali hilo pande zote na kila upande ulimrudisha kwenye mlango uleule: anamwuza. Anamwandaa, anamwonyesha watu, na siku moja banda litakuwa tupu na yeye dobi hatakuwa na haki ya kulalamika. Si alisema mwenyewe hataki habari?

Alishangaa jinsi wazo hilo lilivyomuuma. Alidhani amemaliza. Alidhani Hakimu amekuwa kama jino lililong'olewa, unagusa pengo kwa ulimi, basi. Kumbe jino lilikuwepo muda wote, na sasa limeguswa.

Fundi aliposema anakwenda kubadilisha vitasa kwenye bweni fulani la wanafunzi, dobi alimwacha atangulie. Alipoona amepinda kona akavua aproni.

"Nakwenda kununua wanga."

"Wanga upo," wifi akasema. "Debe zima."

"Nataka wa aina nyingine."

Wifi alimtazama chini, kisha juu. "Siku hizi wanga unanunuliwa kwa buti?"

Dobi alijitazama miguuni. Alikuwa amevaa buti zake za kupandia farasi, na hakukumbuka kuzivaa.

Alipita njia ya nyuma, kando ya ukuta wa tanuru, akiambaa kama mwizi kuelekea kwenye mali yake mwenyewe. Harufu ilimpokea kabla ya mabanda kuonekana: majani makavu, mkojo, ngozi ya tandiko, na kitu kitamu kisicho na jina chini ya hivyo vyote. Alisimama nyuma ya rundo la matofali, mahali ambapo aliweza kuona bila kuonekana.

Mumewe alikuwa uwanjani. Suruali ameichomeka ndani ya soksi. Mkono mmoja ameshika kamba ya Hakimu, kwa mbali, kama mtu anayeshika sufuria ya moto. Kati ya nguzo mbili kamba nyingine ilifungwa, na juu yake lilining'inia shuka lao jeupe, upepo ukilijaza na kulimwaga. Fundi alitembea kati ya shuka na farasi, akageuka, akarudi. Kila wakilikaribia Hakimu aliinua kichwa, macho yakatoka weupe, na fundi akasimama na kungoja. Na alikuwa anaongea. Dobi alitega sikio.

"...sasa hiyo ya silinda, ukiilazimisha unaivunja. Unaingiza kidogo, unasikiliza. Vijana hawasikilizi. Wanatoboa. Juzi nimekuta mlango wa watu umetobolewa kama chujio, mwenye nyumba anasema fundi alikuwa na haraka. Haraka ya nini, mzee? Mlango hauendi popote. Haya, njoo tena."

Alikuwa hajasikia mumewe akisema maneno mengi kiasi hicho kwa pumzi moja tangu walipooana. Kitu kikamchoma kifuani, na alikijua jina lake, maana alikiona kwenye nguo za wateja kila siku. Hakujua tu ni yupi kati ya wawili wale anayemwonea wivu.

"Bwana, umekuja," ikasema sauti nyuma yake.

Mwenye mabanda alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza, na alimwita kila kiumbe bwana, farasi na wanawake wakiwemo.

"Tangu lini haya?"

"Tangu majani yaanze kuota. Kila akipata upenyo."

"Anamfundisha nini?"

"Si unaona? Asiogope nguo za kuanikwa."

"Ili iweje?"

Mwenye mabanda aliokota jani kavu akalitafuna. Dobi alilitazama jani lile likizunguka mdomoni mwake na akajua.

"Kuna mnunuzi," akasema.

"Kuna mtu anakuja leo, jua likipungua, kumtazama. Kutazama si kununua, bwana. Mimi ni mlishaji tu. Mwulize mwenzako."

Dobi alitoka nyuma ya matofali. Hakimu ndiye aliyemwona kwanza. Masikio yote mawili yakamgeukia. Fundi akageuka kufuata masikio. Shuka lilipiga.

"Bweni lina vitasa vizuri," dobi akasema.

"Mama, ngoja."

"Nangoja. Nimengoja tangu suruali ya kwanza."

"Ulisema usiletewe habari zake. Sikukuletea."

"Ulinificha."

Fundi akafikiri. "Na hilo nalo," akasema.

Kisha akaeleza, akimtazama farasi badala yake, na pengine ndiyo sababu aliweza. Alianza akitaka mnyama aondoke. Kila mkewe alipoinua pasi aliuona uso wake unavyojikunja. Alisema moyoni, huyu akibaki, siku moja atatuulia mtu. Lakini mwenye mabanda alimwambia hakuna anayemnunua farasi anayekimbia kamba ya nguo. Watu wote wanafua. Ndipo akaleta shuka.

"Letu."

"Ya dukani yote yana alama za wateja."

"Na sasa umempata mtu."

"Nimempata. Alikuja kumwuliza mwenye mabanda kama kuna farasi, mimi nikasema aje leo." Alijikuna shingo. "Sasa sijui. Huyu ananijua. Juzi aliniwekea kichwa hapa." Aligusa bega lake, na hapo dobi aliliona doa la kijani, mate ya majani yaliyotafunwa, bado bichi. "Nilikaa hivyohivyo mpaka mguu ukafa ganzi."

"Ungemwuza au usingemwuza?"

"Nilikuwa bado sijajibu."

Dobi alimtafuta machoni. Aliwahi kusoma maelfu ya madoa, na hakuweza kusoma hili. Inawezekana ilikuwa kweli. Inawezekana pia mtu akikutwa na mkono ndani ya sukari husema alikuwa anaipima. Hakuwa na muda wa kuamua. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea tanuru.

"Niletee brashi," akasema.

Alimfunga Hakimu kwenye nguzo, na kwanza alimkagua kama anayekagua nguo iliyorudi kutoka kwa dobi mwingine. Alimfunua midomo. Alimpapasa miguu kutoka gotini kushuka, akitafuta joto. Aliinua kwato za kushoto moja moja, na Hakimu, baada ya kufikiri, alimpa. Zilikuwa safi. Upande wa kushoto alikuwa aking'aa kama kungumanga lililopanguswa. Kisha dobi akazunguka upande wa kulia, akasimama. Vumbi la msimu mzima lilikuwa pale, limegandamana na jasho, na singa za shingoni zimeungana mafundo.

"Na huku?"

Fundi alikohoa. "Huko sijafika."

"Kwa nini?"

"Ili ufike huko lazima upite nyuma yake."

"Si ungepita mbele?"

"Mbele kuna meno."

Mwenye mabanda, aliyekuwa akijifanya anafagia, alicheka mpaka akashikilia fagio. Dobi hakucheka, lakini kitu ndani ya shavu lake kilisogea. Alianza kusugua. Vumbi lilipanda, likamwingia puani, likamkaa kwenye kope. Mkono ulikumbuka wenyewe: duara, duara, kisha mkupuo mrefu kufuata manyoya. Bega lililalamika na akaliacha lilalamike. Chini ya brashi rangi ilianza kutoka, nyekundu iliyokolea, na ngozi ikacheza kidogo mahali alipoijua itacheza, pale nyuma ya kiwiko. Hakimu akashusha kichwa. Akatoa pumzi ndefu yenye mtetemo mwishoni. Dobi aligundua kwamba yeye naye ameitoa.

Lakini hakumwamini. Alimwambia sikioni, kwa sauti ndogo, "Ulinitupa, wewe." Hakimu alimtazama kwa jicho moja. Kesi ilikuwa wazi na hakimu hakuwa na haraka.

Alimtandika. Mkanda wa tumbo aliufunga, akautia kidole, akaufunga tena, maana farasi huvimbisha tumbo kama mtoto anayedanganya kwa fundi nguo. Mwenye mabanda alishika kikuku cha kukanyagia cha upande wa pili. Fundi alisimama pale anaposimama siku zote, isipokuwa safari hii alikuwa ndani ya uzio.

"Bega lako," akasema.

"Ni langu."

Akapanda. Kupanda kwenyewe hakukuwa kuzuri. Alijivuta kama gunia, akabaki amelala juu ya shingo, akajinyoosha. Kisha dunia ikashuka mahali pake: paa za mabanda, ukingo wa tanuru, kipara cha mumewe. Alikuwa amesahau kwamba kutoka huku juu mambo yote yana mwisho unaoonekana. Mapaja yakatetemeka. Hakujua ni woga wake au wa farasi, na hilo ndilo baya la farasi, woga wenu hutumia mlango mmoja.

Walikwenda hatua kwa hatua kuelekea kwenye kamba. Shuka lilikuwa limelegea, limetulia, kama linawangojea. Dobi alilishuku. Hakimu alilishuku. Walipofika usawa wake upepo ukaja, shuka likajaa, likapaa, likapiga. Farasi alisimama. Dobi aliusikia mwili mzima chini yake ukijikusanya, misuli ikijifunga kama ngumi, na mikono yake ilitaka kuvuta hatamu, ivute kwa nguvu zote, kama siku ile. Akakumbuka sauti ya mumewe. Unaingiza kidogo, unasikiliza. Akalegeza vidole. Akangoja.

Hakimu alipuliza pua, akanyoosha shingo, akalinusa shuka lao la zamani mpaka likamgusa mdomo. Kisha akapita.

Kilichofuata dobi hakukiamua. Visigino viligusa, kidogo tu, na Hakimu akaingia mwendo wa matiti, ule wa kurusharusha unaogonganisha meno, kisha uwanja ukafunguka mbele yao na akaenda shoti. Upepo ukamvua kilemba. Bega liliuma na halikuwa na maana yoyote. Alisikia sauti ngeni, ya mtu anayecheka mdomo wazi, na ilimchukua mzunguko mzima kutambua ni yake. Alikuwa binti wa fundi wa kwato. Alikuwa kapu tupu mgongoni mwa mnyama. Hakuna mtu aliyemletea nguo chafu, na hakukuwa na kitu cha kusoma.

Alipopunguza mwendo, jasho likimchuruzika, aliona gari limeegeshwa langoni. Mwanamume mwenye kofia ya majani alikuwa anazungumza na mumewe. Walisimama karibu karibu. Fundi alikuwa anaonyesha kwa mkono, kwenye shuka, kwenye farasi, na yule mtu alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Furaha yote ikamtoka dobi. Anamsifia mali. Anamwonyesha kwamba amepona, na mimi ndiye niliyemfanyia maonyesho. Aliwaendea taratibu, akitega sikio, lakini kwato zilimeza maneno.

Mnunuzi aliinua uso. "Anakwenda vizuri sana," akasema. "Haogopi kitu. Nimeambiwa mtu anaweza kumwanikia nguo mgongoni." Akamgeukia fundi, si dobi. "Sasa tuzungumze. Mwenyewe nani?"

Fundi alinyamaza. Alinyamaza kama anavyonyamaza akiwa ameingiza ufunguo na bado hajasikia mlio. Dobi alimtazama kutoka juu, na kwa muda ule, mbaya na mrefu, hakujua kabisa mume wake atasema nini.

"Mwenyewe yuko juu yake," fundi akasema. "Mwulize."

Mnunuzi akainua uso tena, na kofia yake ikamlazimu kuishika.

"Hauzwi," dobi akasema. "Pole kwa usumbufu. Ulielekezwa vibaya."

Gari lilipoondoka, mwenye mabanda alikwenda kuanua lile shuka, na fundi akamwambia aliache.

Usiku huo walipokuwa wanakula, dobi aliweka kijiko chini. "Ulimwambia nini kabla sijafika?"

"Tuliongea habari za barabara. Ana gari baya."

"Za barabara tu?"

"Na za shuka."

"Na bei je? Mliongea?"

"Kula, mama. Chakula kinapoa."

Hakupata jibu lingine, siku hiyo wala baadaye, na mara mojamoja bado linamrudia akiwa kwenye pasi. Humtazama mumewe akipita uani na kujiuliza lile neno lingetoka vipi kama yeye angechelewa mzunguko mmoja. Wifi naye aliapa hakujua chochote, akaapa mara nyingi kuliko alivyoulizwa. Suruali za fundi sasa hufuliwa na dobi. Huzigeuza ndani nje, akazinusa kabla ya kuzitia majini.

Fundi amejifunza kupita nyuma ya farasi, akiongea muda wote. Duka hufunguliwa na wifi, na wateja wanaokuja mapema huambiwa wakae au warudi baadaye. Hakimu yupo banda la mwisho, lile linalopakana na tanuru. Dobi yuko naye asubuhi hii, ameinamia kwato ya nyuma ya kulia, anatoa kokoto.